Ami, nitapata?

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa dukani halihusu bei ya kuchapa karatasi. Ni hili: "Ami, nitapata?" Anayeuliza ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yako kwenye simu, na nyuma yake amesimama mama, baba, au kaka mkubwa aliyetumwa asimamie. Nina saiba, duka la intaneti, nyuma ya soko la Malindi. Ualimu sikusomea, na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, halinilipi hata senti. Lakini kwa miaka mingi nimewafungulia vijana lango la maombi ya vyuo vikuu, nimewaona wakichagua, na baadaye nimewaona wakirudi kuchapa barua za kuitwa, au wakirudi mikono mitupu. Mtu huyajaza maombi hayo mara moja maishani. Mimi huyaona yakijazwa kila mwaka, na hiyo ndiyo tofauti pekee kati yangu na mzazi anayekuja na wasiwasi wake.

Watu hudhani kazi ya anayeshauri ni kuwateremsha waliopanda mno. Wapo hao, sikatai. Huja kijana mwenye C+ akitaka udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake ameshawatangazia wenzake msikitini. Huyo si mgumu kumweleza, maana namba zinajisemea. Wanaoninyima usingizi ni wa upande wa pili: binti mwenye alama za kuingia Nairobi bila kubishana na mtu, naye anataka nimwandikie kozi isiyo na mashindano, chuo kilicho karibu, mradi asikose. Hawa huku kwetu nawaona wengi kuliko wale wa kwanza, na hakuna anayewahesabu, kwa sababu walipata walichoomba.

Ili kumjibu kijana, inabidi kwanza ajue anajilinganisha na kitu gani. Kwenye lango la KUCCPS kila kozi ya kila chuo ina namba yake yenye desimali tatu, yaani pointi za mwisho za mwaka uliopita. Wengi huisoma namba hiyo kama sharti, kana kwamba kuna ofisi iliyokaa ikaamua kuwa mwenye 42 aingie na mwenye 41 arudi kwao. Hakuna ofisi kama hiyo. Chukua kozi yenye nafasi hamsini. Walioiomba hupangwa kuanzia mwenye pointi nyingi, na nafasi ya hamsini ikishapata mwenyewe, pointi za mtu huyo ndizo zinazoandikwa. Kwa hiyo unachokitazama ni habari ya mtu mmoja wa mwaka jana, aliyeingia wa mwisho. Mwaka huu wa mwisho atakuwa mtu mwingine, na pointi zake zitategemea nani wameomba, mtihani ulikuwaje, na chuo kimetangaza nafasi ngapi.

Masharti ya kweli yapo, na hayo hayasogei. Digrii inataka wastani wa C+ kwenda juu. Udaktari unataka angalau B ya biolojia, B ya kemia, B ya hisabati au fizikia, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kozi ya sheria inataka B ya Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari awe na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Ukikosa mojawapo ya hayo hapana cha kukadiria, fungua ukurasa mwingine. Kukadiria huanza baada ya hapo.

Na gredi ya wastani peke yake haikadirii kitu. Walikuja mabinti wawili wa shule moja, wote wana B+, wote jumla yao pointi 70 kati ya 84. KCSE huhesabu masomo saba, na A ni pointi 12 mpaka E yenye pointi 1, kwa hiyo 84 ndio mwisho wa jumla. Wote wawili wanataka udaktari. Wa kwanza ana A ya Kiswahili, A- ya biolojia, B+ ya kemia na B+ ya hisabati, kisha B tatu za Kiingereza, jiografia na dini. Wa pili ana A ya Kiswahili, A ya dini, B+ ya jiografia, na B nne: biolojia, kemia, hisabati na Kiingereza. Mama zao walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakipongezana, watoto wametoka sawasawa.

Hawakutoka sawasawa. Kozi hupimwa kwa jumla ya masomo saba na pia kwa masomo manne ya klasta yake, yaani kundi la masomo yanayoangaliwa kwa kozi hiyo. Kanuni inayozunguka mitaani inasema hivi: pointi za masomo manne gawanya kwa 48, jumla ya masomo saba gawanya kwa 84, zizidishe hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Masomo manne ya udaktari yalimpa binti wa kwanza pointi 43, na kanuni ikatoa 41.5 hivi. Wa pili alikuwa na 39, kanuni ikatoa 39.5. Katika kozi inayogombewa na nchi nzima, ambako watu hutengwa na desimali, pointi mbili ni foleni ndefu ya watu waliosimama katikati.

Nikamgeuzia wa pili klasta ya sheria, ambayo inampokea na lugha yake, dini yake, jiografia yake na sayansi moja. Masomo manne yakafika 43, na kanuni ikampa ileile 41.5 ya mwenzake. Alinyamaza, kisha akauliza kama mawakili hapa Malindi wana kazi. Nikamwambia aende mahakamani asubuhi yoyote ya siku ya kazi, awatazame watu waliokuja kwa kesi za mashamba, halafu arudi aniulize tena.

Kanuni hiyo nimeieleza ili mtu aelewe mambo yanavyokwenda, lakini simwachi yeyote aamue maisha yake kwayo. Inatumia gredi, wakati KUCCPS inaangalia ulivyofanya mtihani wenyewe, kwa hiyo A yako na A ya mwenzako huenda zisiwe na uzito mmoja. Namba yao kwa kawaida hutoka chini ya ile ya vikokotoo vya simu. Kuna kijana alikuja ameshaaga marafiki kwa kuwa kikokotoo kimempa 44. Tulipoingia langoni, pointi zake za kozi ileile zilikuwa chini ya hapo kwa kiasi cha kumkatisha tamaa. Hakuwa ameibiwa. Alikuwa amelinganisha namba ya mtaani na namba ya KUCCPS, vitu viwili tofauti. Ingia kwa nambari yako ya mtihani, fungua kozi unayoitaka, soma pointi zako zilivyoandikwa pale, uziweke kando ya pointi za mwisho za kozi hiyohiyo. Na usije bila cheti cha kuzaliwa, maana nusu ya asubuhi zangu za msimu huo huisha kwa kutafuta namba za vyeti vilivyoachwa sandukuni Marafa.

Sasa linakuja swali ambalo wazazi hawaliulizi: mwaka huu ni mwaka wa namna gani? Mwaka 2016 ndio ulionifundisha hilo. Matokeo yalitoka tarehe 29 Desemba, mapema kuliko tulivyozoea, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, baada ya wizi wa mtihani kubanwa kwelikweli. Mwaka 2015 waliopata A walikuwa 2,685. Mwaka huo wakawa 141 nchi nzima. Wa C+ na zaidi walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929. Mjini hapakukalika. Walimu wakuu walijifungia ofisini, na wazazi wakawa wanawauliza watoto walikuwa wakifanya nini shuleni miaka minne yote.

Kijana mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa mjini, aliyekuwa akitarajiwa A, alikuja na A-. Zama hizo chaguo za kwanza zilijazwa shuleni kabla ya mtihani, halafu matokeo yakitoka unapewa muda wa kubadilisha. Yeye alikuja kuufuta udaktari. Alikuwa ameandika mahali pointi za mwisho za waliotangulia, na kwa hesabu yake alikuwa nje kabisa. Baba yake alikuwa amekubali pia, amekaa kimya, anazungusha tasbihi.

Nikawaambia waiache gredi kwanza, tuhesabu vichwa. Kama A ziko 141 Kenya nzima, na udaktari unafundishwa Nairobi, Moi, Kenyatta, Jomo Kenyatta, Maseno na Egerton, nafasi hizo zitajazwa na nani? Wenye A hawatoshi hata wakiomba wote. Lazima zishuke kwa wa A-, na wa A- wenyewe si wengi. Pointi alizokuwa ameziandika zilikuwa za msururu wa watu wengine, wa mwaka ambao A zilikuwa nyingi. Alikaa na udaktari wake, akaitwa katika chuo cha umma. Sijui angeitwa wapi kama angebadilisha, ila najua asingeitwa huko, maana aliyeondoa kozi hawezi kuitiwa hiyo kozi.

Miaka ya karibuni maji yamejaa upande mwingine. Tangu KCSE ya 2023 wastani unahesabiwa kwa hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Mwaka huo wa C+ na zaidi walikuwa 201,133, na wenye A 1,216. Mwaka 2024 wakawa 246,391, na wenye A 1,693. Hiyo maana yake ni kuwa B+ ya sasa inasimama nyuma ya watu wengi kuliko B+ ya 2016, ijapokuwa herufi ni ileile na pilau iliyopikwa nyumbani ni ileile. Na kuna mtego ndani yake. Hesabu mpya inaweza kuupandisha wastani wako kwa dini na biashara, lakini klasta ya uhandisi inauliza kwanza hisabati, fizikia na kemia, na pengo la hayo halizibwi na dini wala biashara. Naona vijana wenye B safi ambao wakifungua kozi za sayansi wanakuta pointi zao zimelala chini, wanadhani mtambo umekosea.

Kwa hiyo sitazami mwaka mmoja. Natafuta pointi za mwisho za kozi hiyo kwa miaka mitatu kadiri lango linavyoonyesha, natazama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Pointi za mwanafunzi zikiipita ile ya juu kwa moja au zaidi, namwambia hapa una nafasi ya kweli. Zikilala katikati ya juu na chini, namwambia ni nusu kwa nusu, na ikiwa A mwaka huo zimeongezeka nchini, nampunguzia kidogo. Zikiwa chini hata ya ile ya chini, hiyo ni dua, na dua ina mahali pake. Hii ni kanuni ya nyuma ya meza yangu tu. Hata hivyo haijaniaibisha sana, na ina faida moja: inamlazimu mtu aone kuwa hiyo namba hutembea. Kozi iliyosimama pahali pamoja miaka mitatu unaweza kuiamini. Kozi iliyoruka pointi tatu juu na chini, ukijiambia umeipita kwa nusu pointi, hujaipita.

Kupanga chaguo ndiko kunakoamua zaidi ya watu wanavyofikiri. Fomu tulizozoea kujaza zina nafasi sita: 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3 na 4. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyoiunda KUCCPS badala ya JAB, bodi ya zamani iliyokuwa ikiwapangia wanafunzi vyuo, inataka uteuzi uangalie sifa za mwanafunzi pamoja na vipaumbele alivyoviorodhesha. Hapo kwenye vipaumbele ndipo panapoumiza. Mtu anaweka ualimu 1a kwa usalama, halafu anauweka ufamasia wa Nairobi namba 4, "bahati ikitokea." Haitokei. Kozi inayogombewa hivyo huwa imekwisha kwa walioitanguliza. Ukitaka kujaribu, jaribu juu. Dua ikae 1a. Kozi hiyohiyo ikae 1b na 1c katika vyuo ambavyo pointi zako ziko katikati au zimepita. Kisha 2 na 3 ziwe kozi za jirani. Na namba 4 iwe ile ambayo ukiitwa utapanda basi. Nasisitiza hapo. Wengi hujaza ya nne kwa kubofya tu, wamechoka, mama anataka kurudi kabla ya adhuhuri, halafu ndiyo wanayoitiwa. Kijana akiniambia "hiyo weka yoyote, Ami," naondoa mkono kwenye kipanya mpaka aseme jina la kozi. Ada ya maombi ni shilingi 1,500. Mtu analipa hela hizo halafu anaiacha nafasi moja ijazwe na uchovu.

Jina la Nairobi nalo lina nguvu yake. Kuna baba alinifokea nilipomwonyesha kuwa mwanawe yuko katikati kwa Nairobi lakini amepita vizuri kwa Maseno, kozi ni ileile ya udaktari. Akasema hajamsomesha mtoto mpaka auze ng'ombe ili akasome "huko." Nikamuuliza, juzi alipolazwa, alimuuliza daktari aliyemtibu alisomea chuo gani? Hakuuliza. Madaktari wote husajiliwa na baraza moja na hufanya mazoezi ya mwaka mzima hospitalini kabla ya kuachiwa wagonjwa. Tofauti ya pointi kati ya chuo na chuo hutokana zaidi na wingi wa wanaokiomba. Alikubali 1b iwe Maseno, lakini kwa uso wa mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Kuna ambao kwao swali la "nitapata?" lilishajibiwa zamani bila wao kujua. Uhandisi unataka fizikia, na fizikia huachwa mwanafunzi anapochagua masomo, miaka miwili kabla ya mtihani. Anakuja binti ana A ya hisabati, akili inawaka, anataka uhandisi wa ujenzi kwa sababu ameona barabara ya Lamu ikitengenezwa. Fizikia? Hana. Aliambiwa ni ngumu, au shule haikuwa na mwalimu wake, au wenzake wote waliiacha naye akafuata. Hapo hata nikimpangia vipi, mlango huo haupo. Tunatafuta mwingine, na mara nyingi unapatikana mzuri, lakini naumia, kwa kuwa aliyemzuia hakuwa mtahini. Ndiyo maana mzazi alipokuja na mtoto wa kidato cha pili kuchapa kazi ya likizo, mimi nilikuwa namuuliza bila kuulizwa: ameamua nini kuhusu fizikia? Wengine waliniona mpekuzi. Mtihani wenyewe wa KCSE unakaribia mwisho, darasa la mwisho linafanya 2027, lakini wa mtaala mpya nao huchagua mkondo wakiingia gredi ya kumi, kwa hiyo swali halijaondoka, limebadilisha sare tu.

Kuhusu pesa sisemi mengi, kwa sababu mambo hubadilika. Zamani kidogo mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe daktari au mwalimu. Tangu 2023 ukaja mpango wa ufadhili, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumbani, ukaenda mahakamani, na bado unazungumzwa. Ninachowaambia ni kuwa gharama ya kozi imeandikwa palepale langoni na isomwe kabla ya kubofya. Isomwe na anayelipa. Si haki kijana aje ajue Septemba.

Lakini turudi kwa wale wanaojishusha. Alikuja mama wa Mambrui na binti yake, na orodha imeshaandikwa kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko mzuri: ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Pwani, kisha ualimu tena, kisha ualimu tena. Chuo cha Pwani nakipenda. Kiko Kilifi, mwendo wa matatu kutoka hapa, na walimu wake wamefundisha nusu ya vijana wa mji huu. Ualimu pia ni kazi ya heshima, nani angetusomesha? Ila nilipofungua ukurasa wake niliona fizikia A-, hisabati A, kemia A-. Nikamuuliza kama ualimu ndio anaoutaka. Akamtazama mama yake. Nikauliza tena, akasema anataka uhandisi wa umeme, lakini "hatapata."

Tukatazama pamoja. Kwa uhandisi wa umeme wa Nairobi alikuwa katikati. Kwa Moi alikuwa ameipita ile ya juu ya miaka mitatu. Kwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa alikuwa ameipita mbali. Nikawasomea namba polepole, mama akinifuata kwa kidole kwenye kioo. Hofu ya kukosa ikawa haina pa kukaa. Na ilipoondoka hiyo, ndipo yakatoka yaliyokuwa nyuma yake: Nairobi hawana jamaa, msichana atalala wapi, bweni ni la nani, ataswalia wapi, na baba yake atasemaje akisikia ni kozi ya kupanda nguzo. Hayo yote ni maswali ya haki, na mzazi ana haki ya kuyauliza. Tatizo ni kwamba yalikuwa yamevaa nguo ya "hatapata," na kwa hivyo hakuna mtu aliyeyajibu. Namba nilikuwa nazo mimi. Majibu ya hayo mengine walikuwa nayo watu wengine. Nikampa mama namba ya simu ya mwalimu mmoja wa kike ambaye mabinti wake wawili wamesoma bara, kwa ruhusa yake, na nikawaambia warudi baada ya siku chache, muda wa maombi ulikuwa bado.

Walirudi na baba. Akakaa, akaomba aelezwe tangu mwanzo, nikaeleza tangu mwanzo. Kuhusu nguzo alikuwa ameshajibiwa na bintiye nyumbani. Alichotaka kwangu ni uhakika, na uhakika sina, nikamwambia hivyo. Nilichokuwa nacho ni kwamba kwa Moi binti yake amesimama mahali pazuri, kwa Mombasa pazuri zaidi, na kwamba asipoitwa popote kati ya sita bado hufunguliwa dirisha la kuomba kozi zenye nafasi zilizobaki. Baba akasema basi na iandikwe. Tukaandika Nairobi 1a, Moi 1b, Mombasa 1c, na ualimu wa Pwani ukakaa namba 2, mahali ambapo akiitwa ataenda kwa moyo mmoja.

Akaitwa Moi. Mama alikuja mwenyewe kuchapa barua, akaisoma yote, akaikunja akaitia mkobani. Kisha akaniuliza, "Kaka, huko Eldoret samaki wapo?"

Nikamwambia wapo, lakini ni wa ziwani.

Akafikiri kidogo. "Basi nitamfungia ng'onda."